Eti Iliyovaa Tai

Neno lenyewe ni "allegedly", na lilinikuta nikichambua maharagwe.

Ilikuwa Jumatano jioni. Mjukuu wangu Mwelu, ambaye ni karani katika duka la dawa huko mtaa wa Fedha, alikuja na karatasi zilizobanwa pembeni kwa pini. Ilikuwa nakala ya kwanza ya kijitabu cha jubilii. Kanisa letu hapa Mbotela linatimiza miaka hamsini, na kamati iliona historia yake iandikwe kwa Kiingereza, ili hata wasioielewa waiheshimu. Kila mzee alipewa nakala yake aseme kama kuna kosa. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza nilichopewa huko nilikimaliza chote kabla ya kuolewa. Ndiyo maana nina mjukuu.

"Tafuta ukurasa wa mimbari," nikamwambia.

Mimbari yetu ni ya mti wa muhugu, na upande wa mbele imechongwa miti miwili na ndege saba, na majani yamezunguka ukingo wote kama shanga shingoni. Mume wangu Musau aliichonga miaka arobaini na nane iliyopita. Huu ni mwaka wa tisa tangu atutoke. Watoto wetu walibatizwa mbele ya mimbari hiyo, na jeneza lake lilikaa hapo hapo kabla hatujampeleka nyumbani Machakos. Nilitaka kusikia jina lake likitajwa katika kitabu.

Mwelu akaupata ukurasa. Akasoma kwa sauti ile ya dukani, ya kuwaelezea watu vidonge vingapi asubuhi na vingapi jioni: "The pulpit was allegedly carved by the late Musau Kisilu."

"Rudia."

Akarudia.

"Hilo neno la katikati, la kuteleza teleza, ni nini?"

Mwelu akainamia karatasi kana kwamba neno limeandikwa kwa herufi ndogo sana. Kwake mimi ni Susu, bibi kwa Kikamba. "Ni kama kusema inadaiwa, Susu. Kwamba watu wanasema ni yeye aliyeichonga."

"Nimelisikia mahali."

"Kwenye habari."

Hapo nikalikumbuka vizuri. Mtu ambaye allegedly aliiba nyaya za stima. Daktari ambaye allegedly hakusomea udaktari. Kila nikilisikia neno hilo kwenye televisheni, nyuma yake kuna mtu anatolewa kortini amejifunika uso kwa koti.

"Kwa hivyo babu yako aliiba mimbari?"

"Susu, si lazima iwe wizi."

"Basi nitajie mtu mmoja mwema aliyewahi kuwekewa neno hilo."

Mwelu akafikiri. Kwa haki yake, alifikiri sana, mpaka maharagwe yakaisha kwenye ungo. Hakumpata.

Sasa mimi nikichukia kitu, kwanza nakijua. Alhamisi asubuhi nilitoka na neno langu mdomoni kama mtu anayejaribu meno mapya. Nilianzia kibanda cha Jacky, anayeniuzia mboga.

"Jacky, hii sukuma allegedly ni ya leo?"

Jacky akacheka mpaka kisu cha kukatia mboga akakiweka chini. "Shosho, nani amekufunza hivyo? Ni ya leo. Na wewe allegedly ni mteja, maana huwa unashika mboga yote na kununua fungu moja."

Nikaona huyu analijua neno kuliko Mwelu. Nikaendelea. Kwa fundi viatu nilisema viatu vyangu allegedly viko tayari, akainama kuvitafuta huku akinuna, nikajua limefanya kazi. Lakini kwa jirani wa juu nilipomwambia mvua allegedly itanyesha, akaniangalia tu, na jioni Mwelu akanirekebisha.

"Hapo hapana, Susu. Mvua ni probably. Mvua haiwezi kukushtaki."

"Kumbe tofauti ni kushtakiwa?"

"Allegedly inataka mtu, na kitu ambacho huyo mtu anasemwa amefanya, na wewe unayesema hutaki kuulizwa ulijuaje. Probably unasema maoni yako mwenyewe. Allegedly unasema ya wengine, halafu unanawa mikono."

Nikalielewa kabisa. Kwetu Kiswahili neno hilo tunalo, tunaliita "eti". Eti ni daktari. Eti amekuja kuniona. Ila eti yetu hutembea miguu mitupu na kila mtu huiona ikija. Allegedly ni eti iliyovaa tai, ikakaribishwa kanisani na kupewa kiti cha mbele, karibu na jina la mume wangu.

Aliyeikaribisha ni Gordon.

Gordon, Baba Walter, ni katibu wa kamati, na anakaa ngazi ya pili kutoka kwangu. Alikuwa karani wa kanjo, yaani halmashauri ya jiji, miaka thelathini na miwili, ofisi ya nyumba. Mkewe Apondi ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunapigania kamba ya kuanikia nguo. Yeye huniita Nyar Machakos, binti wa Machakos, na mimi humwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu mchungaji anasoma. Ijumaa niliwaendea. Apondi akanikalisha, akanimiminia chai, akaniangalia usoni, akaenda kumwita mumewe bila kuuliza.

"Baba Walter," nikasema, "umemtoa mume wangu kortini na koti kichwani."

Gordon akavua miwani. "Mama Kavindu, umesoma kijitabu."

"Nimesomewa. Inatosha."

"Lile neno ni la heshima tu."

"Heshima ya nani?"

Akavuta pumzi kama mtu anayefungua kabati la faili. "Mama, nimepekua karatasi zote za kanisa hili. Iko barua ya simiti. Iko barua ya kengele. Uko mkutano mzima ulioandikwa kuhusu nani alivunja kiti cha shemasi. Kuhusu mimbari hakuna karatasi hata moja. Na mimi siandiki kitu ambacho hakina karatasi."

"Mimi si karatasi?"

"Wewe ni mke."

Apondi akaiweka chupa ya chai mezani kwa kishindo kidogo.

"Sikusema ni uongo," Gordon akaharakisha. "Neno hilo halisemi ni uongo, wala halisemi ni kweli. Linasema tu, mimi sikuwepo."

"Mtu ambaye hakuwepo hunyamaza."

"Karani hawezi kunyamaza, ameajiriwa aandike. Pale ofisini tulikuwa makarani wanne. Walioandika 'nyumba hii ni ya fulani' waliitwa kortini kuulizwa walijuaje. Mimi niliandika 'inasemekana ni ya fulani', nikastaafu nikapewa saa ya ukutani."

Nikaitazama saa yake ukutani. Ilikuwa imesimama, lakini hayo hayakuwa yangu.

"Nikikuletea shahidi?"

"Aliyeona kwa macho?"

"Fundi. Alichonga pamoja na Musau miaka ishirini."

Gordon akafikiri, na nikaona kwamba si mtu mbaya, ni mtu aliyeogopa korti muda mrefu. "Kesho saa nane kamati inakutana kanisani. Jumatatu kijitabu kinaenda kwa mchapaji. Mlete. Akisema mbele ya kamati, neno naliondoa kwa mkono wangu."

Apondi akanisindikiza mlangoni. "Nyar Machakos, ungempiga na kikombe ningesema sikuona."

"Allegedly," nikamwambia, nikashuka ngazi.

Nilimpigia simu Wathome, kule Baba Dogo. Ndiye amebaki kati ya wanaume waliochonga na Musau, na mpaka leo anachonga miko na vijiko vya mbao nje ya mlango wake. Nilipomweleza akacheka. "Mkono wa Musau nitashindwa kuujua? Nipe nafasi ya kupitisha kidole gumba tu. Macho yangu yameharibika, lakini gumba langu linasoma."

Nikamshukuru. Nikakata simu. Halafu nikakaa kitandani, nikajiita mjinga kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

Maana iko habari ambayo sikumwambia Gordon, wala Mwelu, wala mtu yeyote aliye hai. Miti ile ya kwenye mimbari ni ya Musau. Ndege wote saba ni wa Musau. Majani ni yangu.

Wachongaji wetu walikuwa na utaratibu. Mwanamume alishika tezo na patasi na kisu. Mwanamke alishika msasa na kopo la rangi ya viatu, akasugua mbao mpaka zikang'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta. Ilisemekana mbao iliyokatwa na mwanamke hupasuka. Nilikaa na wachongaji miaka mingi, na ninavyojua mimi, kilichokuwa kikipasuka ni wanaume.

Wiki mbili kabla ya mimbari kuzinduliwa, patasi ilimteleza Musau ikamwingia chini ya kidole gumba cha kulia. Nyuzi saba. Daktari akasema mwezi mzima asishike hata kijiko. Askofu alikuwa amekwisha kualikwa, na ukingo wote wa mimbari ulikuwa mtupu, umechorwa penseli tu. Musau hakulala, hakula. Alikuwa amejitolea kazi ile mbele ya kanisa zima, mtoto wa Ukambani aliyefika mjini na tezo moja, na sasa angepanda mbele kuonyesha kazi nusu.

Siku ya tatu nikafunga mlango mchana, nikafungulia redio sauti ya juu ili majirani wasisikie, nikachukua kisu.

Akakaa kitandani na mkono umefungwa shingoni, akanielekeza. "Sukuma, Kavindu. Kisu kinasukumwa, hakivutwi."

Lakini mimi mkono wangu ulikuwa umefunzwa na viazi vitamu. Tangu nikiwa na miaka sita nilimenya kwa kuvuta kisu kuja kifuani, na kidole gumba kikingoja upande wa pili. Nikisukuma, kisu kinakwenda kinakotaka. Nikivuta, kinanitii.

"Utajikata," akasema.

"Aliyejikata ni nani hapa?"

Jani la kwanza lilikuwa baya, lilifanana na sikio. La pili likawa jani. Kufikia la kumi Musau aliacha kunielekeza akawa ananitazama tu. Nilichonga majani thelathini na moja. Siku ya uzinduzi askofu aliweka mkono wake juu ya ukingo ule, kanisa likapiga makofi, na Musau akasimama akiwa ameficha kidole mfukoni. Usiku huo aliniambia kwamba siku moja angesema. Nilimwambia hakuna haraka. Wenzake wangemcheka mpaka ahame mtaa, na mimi nilikuwa na raha yangu ya siri: kila Jumapili wahubiri walipiga ngumi juu ya majani yangu na hayakupasuka.

Sasa nilikuwa nimeliita gumba la Wathome lije kuyasoma.

Ningeweza kumpigia tena nimwambie asije. Lakini basi ile eti yenye tai ingechapishwa, ikakaa kwenye kijitabu, na wajukuu wa wajukuu wangesoma kwamba Musau alikuwa mshukiwa. Nikaamua aje. Nilijiambia kwamba Wathome ni mzee, na gumba nalo huzeeka.

Jumamosi saa nane tulikuwa kanisani, viti vimepangwa mbele ya mimbari. Mwelu aliomba ruhusa kazini aje anisomee. Apondi alikuwa pale na chai ya kamati. Mwenyekiti ni Frankline, kijana wa miaka arobaini hivi anayeuza bima, mpole, anayeangalia saa kila akimaliza sentensi. Wathome alifika amevaa koti zuri, mfukoni ana kisu chake na kijiko cha mbao ambacho hakijaisha, kwa sababu hajui kukaa mikono mitupu.

Frankline akanipa nafasi. Nikasimama.

"Asante, mwenyekiti. Kwanza ningependa kumshukuru katibu wetu kwa kazi yake. Mzee Gordon, ambaye allegedly ni baba wa Walter."

Tukasikia chai ikimiminika. Apondi alikuwa anamimina, na hakuacha, mpaka ikafurika kwenye kisosi.

"Mama," Gordon akasema polepole, "hilo ni tusi."

"Nimetafuta karatasi, Baba Walter. Sikuiona. Lakini sijasema ni uongo. Ni kwamba tu mimi sikuwepo."

Frankline akashikwa na kikohozi kirefu. Apondi aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na nikajua ama ninadaiwa samaki wa kumtuliza, au nimesamehewa. Gordon aliangalia karatasi zake. Masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Nimesikia linavyouma," akasema mwishowe. Yeye ni muungwana, hiyo nampa. "Tumsikie shahidi."

Wathome akaenda mbele. Akapiga goti moja, akaweka gumba kwenye mti wa kwanza, akalipandisha kwenye shina. "Musau," akasema. Akagusa ndege. "Musau. Anapenda kuinua mkia hivi, tulikuwa tunamcheka." Akagusa wote saba, mmoja mmoja, akimtaja marehemu kama mtu anayeita watu mlangoni. Kisha gumba likafika ukingoni.

Likasimama.

Likarudi nyuma, likaenda tena. Wathome akaligusa jani la pili na la tatu. Akageuka akanitazama na macho yake yaliyoharibika, na nilijua amesoma. Fundi aliyesukuma kisu miaka sitini anajua mahali kisu kilipovutwa. Mimi nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Wathome akainuka, akajipangusa goti.

"Yote ni Musau," akasema. "Miti, ndege na majani. Andika."

Gordon akafungua kalamu. Akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, sauti ya nibu ikasikika kwenye karatasi. Ili kunifurahisha, akaongeza mengine, halafu akayasoma kwa Kiswahili nisikie: kwamba mimbari hii, kila ndege na kila jani, ilichongwa na marehemu Musau Kisilu, bila msaada wa mtu.

Nilikuwa nimepata nilichokijia. Wathome alikuwa amenifunika kwa heshima, na Musau alikuwa ametolewa koti usoni. Ningekunywa chai yangu nikaenda nyumbani.

Bila msaada wa mtu. Majani thelathini na moja, na mabega yaliyoniuma mwezi mzima, na redio ile niliyoipandisha sauti mpaka ikaharibika.

"Kata tena," nikasema.

Gordon akainua kichwa. "Nikate nini?"

"Majani. Majani nilichonga mimi."

Mwelu akageuka kwenye kiti chake. Wathome akasema kwa Kikamba, chini chini, "Kavindu, mwache Musau apumzike." Nikamjibu kwa Kiswahili wote wasikie. "Musau anapumzika na kidole chenye nyuzi saba. Yeye anajua kuliko wewe. Aliniahidi atasema, akafa akiwa bado anaitafuta siku nzuri."

Nikawaeleza yote, patasi, redio, viazi vitamu. Gordon alisikiliza na kalamu imesimama hewani.

"Mama Kavindu," akasema nilipomaliza, "umeniletea shahidi, shahidi ameshuhudia, na sasa unamkana shahidi wako mwenyewe. Mimi nifanye nini? Naweza kuandika kwamba majani allegedly…"

"Ukilirudia hilo neno namrudia Walter."

Akalimeza. Apondi akasema, "Kavindu, mrudie tu."

"Wathome," Gordon akageuka, "uliyoyasema ni kweli au si kweli?"

Wathome alisimama pale, mzee wa watu, koti lake zuri lina vumbi la goti. Kwa mchongaji wa rika lake kusema maneno aliyoyasema mbele ya watu ni kama kuvua shati sokoni. "Majani yamevutwa," akasema. "Hakuna mwanamume kati yetu aliyekuwa akivuta kisu. Lakini nani aliyavuta, mimi sikumwona."

"Basi nipe hicho kisu," nikamwambia. "Na kijiko."

Akanipa. Mpini wa kijiko ulikuwa mnene, laini, haujaguswa. Nikakaa kwenye kiti cha mbele, nikatandaza leso magotini. Vidole vyangu siku hizi vina baridi yabisi, asubuhi haviwezi hata kufungua kopo la majani ya chai. Nikakiweka kijiko kifuani, gumba upande wa pili, nikavuta.

Sikuharakishwa na mtu. Frankline aliangalia saa mara mbili, halafu akaivua akaitia mfukoni. Apondi aliniletea kikombe kikapoa. Mara moja kisu kiliteleza kikanigusa gumba, nikalinyonya, nikaendelea. Jani moja lilichukua kama nusu saa. Jani lenyewe lilipinda kidogo upande wa kushoto, mshipa wake wa katikati ukatetemeka mahali mkono ulipochoka, lakini lilikuwa jani.

Gordon akakichukua kijiko. Akaenda mbele na suti yake akapiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya simiti, yeye ambaye wakati wa sala husingizia goti bovu. Akavaa miwani. Akaweka kijiko kando ya jani la mimbari, akaangalia hiki, akaangalia lile. Akapitisha gumba lake, gumba la karani lenye doa la wino, juu ya yote mawili. Akaenda kwenye jani linalofuata, na linalofuata, akazunguka ukingo wote akitembea kwa magoti, na hakuna aliyecheka.

Kisha akarudi mezani, akakata mstari wake wote mzuri, akaanza upya.

"Nani atangulie?" akauliza bila kuinua kichwa. "Jina."

"Mweke Musau. Hata kufa alinitangulia."

Akaandika. Akanigeuzia karatasi, na Mwelu akaniinamia begani asome, lakini sauti ile ya dukani ilimkataa. Ikabidi Gordon asome mwenyewe: ilichongwa na Musau Kisilu na mkewe Kavindu. Kati ya majina yetu na kazi yetu hapakuwa na kitu. Nilimwomba anionyeshe kwa kidole mahali hasa ambapo hapakuwa na kitu, akanionyesha.

Mwelu alienda mimbarini akasimama. "Susu," akasema, "miaka hii yote niko kwenye zamu ya kupanguza mimbari. Nimepanguza haya majani na kitambaa kila Jumamosi. Ungeniambia hata ningeyapanguza vizuri zaidi."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungeyachubua."

Jumapili ya jubilii kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje kwenye viti vya kukodi. Gordon alisoma historia kwa Kiingereza, tai imembana shingo. Alisoma mengi, na kwingine nilimsikia akiweka zile eti zake: huyu alidhaniwa hivi, yule ilisemekana vile. Nikangoja. Alipofika kwetu akapunguza mwendo, akainua sauti, akasoma majina yetu mawili yakiwa yamesimama peke yao kama watu waliooga. Watu wakageuka kunitafuta. Sikujificha. Nilikuwa nimevaa ile nguo ya kijani ambayo Mwelu husema ni ya mtu anayegombea kiti, na nilinyoosha shingo ili wa nyuma nao waone.

Baada ya ibada wanawake walipanga foleni mbele ya mimbari kugusa majani. Wathome alikuwa amekuja na mkewe, Wayua, na wazee wengine wawili wanawake kutoka Baba Dogo, wajane wa wachongaji ambao niliwahi kusugua nao msasa. Wayua ni mwembamba na mkimya, mtu ambaye unaweza kukaa naye harusi nzima usijue alikuwepo. Alipitisha kidole kwenye jani langu la kwanza, lile la sikio, akatabasamu. Akanivuta mkono kando.

"Kavindu," akaninong'oneza, "wale twiga wa Wathome unawakumbuka?"

Nani asiyewakumbuka. Watalii walikuwa wakiwasubiri.

"Miili ni yake," Wayua akasema. "Shingo ni zangu."

"Shingo ngapi?"

"Zote."

Nikamtazama Wathome. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, anachunguza mabati ya paa kwa makini sana kwa mtu asiyeona vizuri.

"Sema kwa sauti, Wayua," nikamwambia. "Gordon yule pale, na kalamu anayo."